Jibu kwa dada aliyeuliza: je, dakika 20 za kwanza mwili hauchomi mafuta?

Dada, umeambiwa kwamba ukikimbia mwili hutumia kwanza sukari, ukishaimaliza ndipo uguse mafuta, kwa hiyo mazoezi ya chini ya dakika 20 ni kazi bure. Si kweli. Inaniuma kuisikia tena, kwa sababu nawajua watu waliokata tamaa kabisa kwa hesabu hiyo. Mtu ana robo saa kabla ya kazi, anaambiwa haitoshi, anabaki kitandani.

Hata sasa umekaa ukisoma hapa, unachoma mafuta, na kwa kiasi kikubwa kuliko sukari. Mwili haufungi bomba moja ndipo ufungue jingine. Mafuta na wanga, yaani hiyo sukari, vinatumika pamoja saa zote. Kinachobadilisha uwiano wake hasa ni ukali wa zoezi. Saa nayo ina mchango, kwani ukienda muda mrefu kwa mwendo uleule mafuta yanazidi kushika kazi, lakini huo ni mteremko wa taratibu. Hakuna kengele inayolia dakika ya ishirini.

Mimi naendesha baiskeli na wenzangu hapa Kisumu, na njia yetu ni Kondele, Mamboleo, kisha kupanda Riat hadi Kiboswa. Pale Kondele barabara ikiwa bado rahisi tunapiga soga sentensi nzima nzima. Hapo mafuta yanafanya kazi kubwa. Tukianza kupanda, maneno yanakatika, kila mtu anahema, na misuli inaegemea wanga. Sababu ni hii: gramu moja ya mafuta ina kilokalori 9 na ya wanga 4, lakini mafuta yanadai oksijeni zaidi kutoa nguvu ileile, tena lazima yatolewe kwenye hifadhi yake, yasafiri na damu, ndipo yaingie kwenye misuli. Mafuta ni kama shamba: utajiri upo, lakini nauli ya matatu hulipi kwa shamba.

Na yule anayechomoka mbio ghafla pale chini ya mlima? Sekunde chache za kwanza anatumia ATP, kemikali inayoipa misuli nguvu moja kwa moja, iliyo tayari ndani ya misuli, na kreatini fosfati, akiba ndogo ya humohumo, inaijaza upya kwa sekunde kama kumi hivi. Baada ya hapo glukosi, yaani sukari, inavunjwa haraka bila kungoja oksijeni, na laktati, zao la kuvunjwa huko, inaongezeka. Hapa naomba mnisikie, maana katika uzi huu laktati imeitwa sumu mara nyingi. Moyo unaitumia kama chakula, misuli mingine inaichoma, na ini linaigeuza kuwa glukosi tena. Ukipumzika, kwa kawaida ndani ya saa moja hivi imerudi kiwango chake. Maumivu ya kesho yake hayatokani nayo. Ni nyuzi za misuli zilizoumia kidogo kwa kazi zisiyoizoea.

Sasa swali lako la pili, kwa nini nguvu hukatika ghafla. Mtu mzima huhifadhi wanga kama glikojeni, takriban gramu 400 au 500 kwenye misuli na kama 100 kwenye ini. Glikojeni ya msuli inaliwa na msuli huohuo, haiwezi kurudi kwenye damu kuwa glukosi. Ya ini ndiyo inayolinda sukari ya damu, na ubongo unaitegemea sana. Tulikuwa tukirudi kutoka Kakamega na mwenzetu aliyetoka nyumbani na strungi tupu tumboni. Tulipopita Mbale akanyamaza, ukimwita haitiki, baiskeli inayumba. Tulimkalisha kibandani, tukampa soda na mandazi, na baada ya muda mfupi akaanza kuongea kama kawaida. Mafuta alikuwa nayo ya kumtosha siku nyingi. Kilichomwishia ni wanga.

Kwa hiyo kama zoezi lako ni la nusu saa, maji yanatosha. Ukipita saa moja na nusu, tafuta gramu 30 hadi 60 za wanga kwa kila saa. Ndizi moja mbivu ya wastani ina kama 25. Na waliokushauri uache ugali, wajue kwamba utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kuhusu chakula cha wanariadha wetu wa mbio ndefu ulikuta kwamba takriban robo tatu ya nguvu yao ilitoka kwenye wanga, ugali ukiwa mstari wa mbele.

Kuhusu kitambi: ni kweli ukikimbia kabla ya kula, sehemu ya mafuta unayochoma wakati ule inaongezeka. Lakini mwili unasawazisha saa zinazofuata, na watu wanaokula kiasi kilekile kwa siku hupungua karibu sawa, awe alikimbia na njaa au alikunywa uji kwanza. Chagua lile utakaloweza kuliendeleza kwa miezi.

Ila kama unatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, usijaribu kukimbia na njaa kabla hujaongea na daktari wako, na ukitoka beba kitu kitamu mfukoni.