Puto kufika juu si kuingia kwenye obiti

SWALI: Shikamoo, mhandisi. Chama chetu cha vijana kimeletewa mradi wa kurusha setilaiti kwa puto kubwa lenye injini, bila roketi. Tumeambiwa likipanda hadi hewa inapokaribia kuisha, setilaiti inaachiwa tu, nayo itabaki huko ikizunguka. Tunaombwa mchango. Je, lawezekana? – Msomaji, Likoni, Mombasa

JIBU: Marahaba. Uongo uko hapo kwenye "inaachiwa tu". Ikiachiwa, inaanguka. Mwaka 2012 mrukaji wa parachuti Felix Baumgartner aliruka kutoka kwenye puto lililokuwa kilomita 39 juu ya New Mexico, Marekani. Hakuelea hata kidogo. Dakika chache baadaye alikuwa amesimama ardhini.

Swali hili naletewa kila mara, na dhana inayolizaa ni ile ile: eti huko juu mvutano wa dunia umekwisha. Haujaisha. Kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, kilomita 400 juu, mvutano bado ni karibu asilimia 90 ya huu unaotushika hapa Mombasa. Kinachokizuia kituo kisianguke ni kasi yake ya kwenda pembeni, yapata kilomita 7.7 kila sekunde. Kwa mwendo huo ungetoka hapa ukafika Nairobi kwa kama dakika moja.

Chukua kilo moja tu. Kuiinua kilomita 40 kunataka kama jouli laki nne (jouli ni kipimo cha nishati). Kuipa kasi ya obiti, yaani ya kuizunguka dunia bila kuanguka, kunataka kama jouli milioni 30. Yaani puto likishamaliza kupanda, kazi iliyofanyika haijafika hata asilimia mbili.

Na kupanda kwenyewe kuna mwisho. Rekodi ya puto lisilo na mtu waliiweka Wajapani mwaka 2013, karibu kilomita 54, kwa plastiki nyembamba mno. Katika kilomita 50, meta moja ya ujazo ya heliamu haiinui hata gramu moja. Tani moja, pamoja na uzito wa puto lenyewe, inataka zaidi ya meta milioni moja za ujazo.

Wapo wanaolifanyia kazi wazo hili kwa dhati. JP Aerospace ya California, chini ya John Powell, inapendekeza chombo chenye urefu wa zaidi ya kilomita moja na nusu, kianzie safari kwenye kituo kinachoelea juu sana, kisha injini za umeme zikiongezee kasi kwa siku kadhaa. Angalau wao wanakiri kwamba kasi lazima itafutwe. Ugumu ni kwamba kasi ikizidi mara mbili, ukinzani wa hewa unazidi mara nne, na injini za ioni (injini za umeme zinazosukuma kwa kutupa nyuma chembe zenye chaji) zilizokwisha kuruka angani zina msukumo mdogo sana. Hakuna chombo cha aina hiyo kilichowahi kufika kwenye obiti.

Wanaonikera ni hawa wanaozunguka na picha za kompyuta, wakiwauzia vijana kimo na kunyamazia kasi. Leo ni puto, kesho ni ndege, keshokutwa ni mzinga mkubwa wa kufyatulia setilaiti. Yeyote atakayewajia na njia ya mkato ya kwenda angani, mwulizeni kwanza: kilomita 7.7 kwa sekunde zinatoka wapi? Atoe maandishi yanayoonyesha injini gani, msukumo kiasi gani, umeme wa wapi, uzito wa chombo kizima. Kabla hamjayapata, pesa za chama zibaki benki.