"Mwisho mchungu" wa Waingereza umetoka kwenye kamba ya nanga

Mkuu, umeuliza kuhusu ile tafsiri iliyopita chini ya picha kwenye taarifa ya habari: "Tutapigana hadi mwisho mchungu." Ukasema hujawahi kumsikia Mswahili akiongea hivyo, na hujui huo uchungu ni wa nini. Nimeshindwa kupita kimya, maana huo mwisho nimeuona kwa macho yangu ukichomoka chini ya sitaha na kutumbukia baharini.

Msemo wenyewe ni "to the bitter end". Mtu akishikilia jambo hadi "the bitter end", ujue kakaa nalo mpaka hakuna kilichobaki, hata kama tangu katikati alishaona kwamba haliendi. Sasa neno "bitter" kila mwanafunzi wa kidato cha pili analijua: chungu, kama shubiri. Mfasiri kaona neno analolijua akaliweka. Simlaumu sana, kwa sababu ambayo nitaifikia.

Meli za Ulaya za enzi ya matanga zilikuwa na visiki viwili vya mbao nene upande wa omo, yaani mbele ya chombo, vimepenya sitaha na kushikwa chini kwa mihimili. Waingereza waliviita "bitts". Kamba ya nanga ilitoka majini, ikaingia kwenye tundu la omo, ikazungushwa kwenye visiki hivyo, kisha iliyobaki ikashuka kulala chini ya sitaha. Kapteni John Smith, yule Mwingereza wa koloni la Virginia kule Marekani na habari za Pocahontas, binti wa chifu wa huko, aliandika kitabu cha mambo ya ubaharia mwaka 1627. Humo anaeleza kwamba "bitter" ni ule mzunguko wa kamba kwenye visiki, unaoachiwa kidogo kidogo, na "bitter's end" ni sehemu ya kamba inayobaki ndani ya chombo. Miaka 240 baadaye, mwaka 1867, kikatoka kitabu cha maneno ya mabaharia cha admirali William Henry Smyth, naye akasema vile vile, akiongeza kwamba kamba ikishaachiwa hadi hapo, hakuna tena ya kuachia.

Hiyo "hakuna tena ya kuachia" ndiyo kiini cha msemo, na asiyewahi kulala nangani usiku wa upepo anaweza asiuone uzito wake. Watu wengi wanadhani nanga inashika meli kwa uzito wake tu, kama jiwe. Nanga inashika vizuri ikivutwa kwa ulalo, makucha yake yazame mchangani. Ukiivuta kwenda juu, inang'oka. Kwa hiyo upepo ukizidi, dawa yake ni kuongeza kamba. Kamba ndefu huvuta nanga kwa ulalo, na uzito wake ukilala chini unapunguza mshtuko wa mawimbi. Babu yangu mzaa mama, nahodha wa jahazi kule Pangani, aliiita hiyo kamba amari, na upepo ulipobadilika usiku neno lake la kwanza kwa mabaharia lilikuwa kuuliza amari imebaki kiasi gani. Ukiwa na akiba, una la kufanya. Ukifika kwenye ncha iliyofungwa ndani ya chombo, unabaki na dua, na shoka la kuikata.

Na kamba zenyewe hazikuwa za mchezo. Meli ya Nelson, yule admirali maarufu wa Waingereza, iitwayo Victory, ambayo mpaka leo ipo Portsmouth, ilitumia kamba ya katani yenye mzingo wa sentimita 60 hivi. Haikumbatiki kwa mkono mmoja. Ncha ya ndani ilikuwa haigusi maji mara nyingi, ikabaki mpya wakati ncha ya nje imeshakwanguliwa na miamba. Mabaharia waliojali mali waliigeuza kamba, ile ncha ya ndani wakaifunga kwenye nanga. Nasema hivi ili uone kwamba kwa baharia neno hili lilikuwa la kazi tu, halina huzuni wala ushujaa, kama fundi anavyosema "mwisho wa waya".

Sasa yangu. Nilikuwa baharia wa sitaha kwenye meli ya mizigo, jina lake naliacha. Tulifika Fujairah usiku, kule nje ambako meli zinasubiri zamu. Kina ni kirefu pale. Kwenye maji ya namna hiyo nanga hushushwa kwa mashine, polepole, kwa gia, mpaka ikaribie chini. Aliyekuwa darajani, yaani chumba cha kuongozea meli, alikuwa na haraka, akaamuru iachiwe ianguke yenyewe, izuiwe kwa breki tu. Na meli ilikuwa bado inatembea.

Mnyororo wa nanga, ambao siku hizi umechukua nafasi ya kamba, huhesabiwa kwa vipande, kila kimoja mita 27.5. Bosuni wetu, yaani kiongozi wa mabaharia wa sitaha, mtu mzima wa Lamu, alikuwa kwenye breki anaita kwa redio: viwili majini, vitatu majini. Baada ya cha nne hakuita tena. Breki ilikuwa inatoa moshi, kisha cheche, kisha vumbi jekundu la kutu likafunika omo yote hata taa hazionekani. Sauti yake siwezi kukueleza. Alizungusha gurudumu la breki kwa uzito wa mwili mzima, halikushika. Akapiga kelele moja tu: "Kimbieni!" Tukakimbilia nyuma, mimi ndala moja mguuni, na hiyo ndala ni kosa jingine ambalo usimwambie mwalimu yeyote wa usalama.

Mnyororo ukaenda wote. Mwisho wake hufungwa kwa pini kwenye chumba chake chini ya sitaha, na hiyo ndiyo "bitter end" mpaka leo, jina halijabadilika ingawa kamba ya katani na visiki vya mbao vilishaondoka. Sisi tulisikia mshindo mmoja mkubwa kama mlango wa chuma umebamizwa, pete ya mwisho ikapita juu ya sitaha inachapa huku na huku, halafu kimya. Nanga na mnyororo wote, chini. Bosuni alikaa kwenye kifuniko cha shehena akaomba sigara, naye alikuwa ameacha kuvuta miaka mingi. Hakuumia mtu, alhamdulillahi. Jeshi la majini la Marekani hupaka kipande cha mwisho rangi nyekundu na kinachokitangulia njano, ili anayetazama ajue mapema aanze mbio. Mnyororo wetu ulikuwa na rangi moja tu, ya kutu.

Turudi kwenye uchungu. Kwa nini basi simlaumu mfasiri? Kwa sababu Waingereza wenyewe walishachanganya zamani. Biblia yao ya 1611, kwenye Mithali 5:4, inasema juu ya mwanamke mgeni kwamba mwisho wake ni "bitter". Hata sisi tunayo: "Lakini mwisho wake ni mchungu kuliko pakanga." Mtu wa bara aliyesikia mabaharia wakisema "bitter end" hakuwaza visiki, aliwaza mstari anaousikia kanisani. Waholanzi na Wajerumani nao wana msemo kama huo, na kwao uchungu ni wa ulimi kabisa. Makaburu wa Afrika Kusini waliokataa kusalimu amri kwa Waingereza katika vita vya 1899 hadi 1902 waliitwa "bittereinders", na waliendelea mpaka mkataba wa Vereeniging, 31 Mei 1902, mashamba yameshachomwa na wake na watoto wako kambini. Ukimwambia mjukuu wa watu hao kwamba neno hilo ni habari ya kamba tu, atakushangaa.

Kwa hiyo wanaobishana kama asili ni bahari au Biblia, mimi nawaona wanagombania mto wenye vijito viwili. Wataalamu wa Kiingereza wana utani kwamba ipo kamati iitwayo CANOE, yaani mtumbwi, ambayo kazi yake ni kukipachikia kila kitu asili ya baharini. Nakubali utani huo, na baadhi ya hadithi zinazosambaa ni za kutunga. Ila hii ya kamba imeandikwa mapema mno, 1627, na mtu aliyekuwa baharini mwenyewe. Kamba ndiyo iliyotoa umbo la maneno. Ladha ikaja kutoka kanisani ikakuta nyumba imeshajengwa.

Sisi nasi tunayo ya kwetu. Tunasema mambo yamekwenda mrama, na wengi wanaosema hivyo hawajui kwamba mrama ni kule kuyumba kwa chombo baharini. Magazeti ya Kenya kila wiki yanatuambia kongamano fulani "limeng'oa nanga" kwenye hoteli ya Naivasha, kilomita mia kadhaa kutoka baharini. Mfikirie Mwingereza anayetafsiri hilo neno kwa neno, atawaza wajumbe wote wako kwenye maboti.

Ningekuwa mimi ndiye mfasiri, ningetazama anayesema. Yule mpiganaji wa kwenye taarifa ya habari alikuwa anatamba, basi anastahili "mpaka kieleweke" ya mtaani kwetu, au "kufa na kupona" kama kituo ni cha heshima. Lakini "bitter end" hiyo hiyo hutumika kwa mama aliyemuuguza mumewe miaka saba mpaka akamzika, na hapo "mpaka kieleweke" ni matusi. Kwa mama huyo ningeandika "hadi pumzi ya mwisho". Kuna na wa tatu, mtu aliyekaa kwenye filamu mbovu ya saa tatu mpaka majina yakapita, naye Kiingereza kinamwambia kakaa "to the bitter end". Huyo wa tatu bado sijampatia neno zuri la Kiswahili. Mwenye nalo alete.