Fidia mnaitaka, kortini hamji

Wiki hii maswali karibu yote ni ya fidia, na mengi ni yale yale tu, wacha tuanze.

*Niliporwa simu na kupigwa nikitoka job, miezi minne sasa. Polisi sikuenda juu najua hawasaidii. Fidia naipata wapi?*

Kutoka kwa nani sasa? Hapa Kenya fidia kwa kawaida hulipwa na yule aliyekuumiza, na korti haiwezi kumwamuru mtu ambaye hajashtakiwa. Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa ya 2014, kifungu cha 23, imekupa haki ya kudai matibabu, mali iliyopotea, hadi nauli uliyotumia, lakini yote hayo yanaanzia OB, kile kitabu cha matukio cha polisi. Sheria hiyo pia imetaja mfuko wa waathiriwa, ila usikae nyumbani ukingojea huo. Enda ukaripoti leo, beba karatasi za hospitali na risiti ya simu, na ueleze ukweli kwa nini ulichelewa kwa sababu wakili wa mshtakiwa ataanzia hapo hapo. Na usitoke stesheni kwa kuambiwa tu “tumeandika”. Omba namba ya OB, tarehe na saa, uiandike mbele yao.

*P3 ni pesa ngapi?*

Bure, hiyo fomu ya polisi ya kuandikwa majeraha hailipiwi. Jamani, mara ngapi? Na usikae na jeraha ukingojea fomu, tibiwa kwanza, daktari ataijaza baadaye akiangalia rekodi za matibabu.

*Nilikuwa nimelewa wakati nilivunjwa mkono, nina haki kweli?*

Unayo. Lakini kwa statement sema ulikuwa umelewa, usifiche, uongo mmoja mdogo unaharibu kesi nzima.

*Mtoto wetu wa miaka 13 alinajisiwa na jirani. Wazee wamekaa, wanatoa ng'ombe wawili na pesa kidogo. Si hiyo ni fidia?*

Hapana, na nawaomba msipokee hata shilingi. Hiyo ni pesa ya kununua kimya cha mtoto, na wanaoila ni watu wazima. Kesi ya unajisi si mali ya familia, kifungu cha 40 cha Sheria ya Makosa ya Kingono kinasema uamuzi wa kuisimamisha si wenu, leo hii ni wa DPP (mkurugenzi wa mashtaka ya umma), kwa hivyo hao wazee hawana kesi ya kumaliza. Mpelekeni hospitali sasa hivi, dawa za kuzuia HIV zinafaa kuanzwa ndani ya masaa 72, na hata kama yamepita pelekeni tu. Ajaziwe fomu ya PRC, ile ya hospitali ya waliobakwa, pamoja na P3. Nguo alizokuwa nazo msifue, ziwekeni kwa karatasi ya kaki, si ya plastiki, zikikaa na unyevu ushahidi unaoza. Fidia ya mtoto itaamuliwa na korti, na ni yake.

*Aliyenikata panga amefungwa, mimi sijaona kitu.*

Uliomba? Hiyo huombwa kwa prosekuta (kiongozi wa mashtaka) kabla ya hukumu kutolewa, unampa risiti zote, na unaomba usikizwe kortini madhara yamekufikia vipi, ni haki yako. Ukikosa hapo bado kuna kesi ya madai, na hapo hukumu ya jinai ikishakuwa ya mwisho ni ushahidi tosha kwamba alikukosea, unabaki kuthibitisha hasara tu. Lakini hesabu miaka mitatu tangu siku ya tukio, si tangu siku alifungwa. Wengi wanakwama hapa kabisa.

*Afisa wa upelelezi anataka pesa ya mafuta ndio aende kumshika mshukiwa.*

Usitoe. Panda kwa OCS, mkubwa wa stesheni, ukiwa na namba ya OB, akikutupa nje peleka barua kwa kitengo cha Internal Affairs cha polisi au IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi. Kama ni polisi mwenyewe alikuumiza, IPOA pia.

*Kesi inaahirishwa kila siku, nimechoka, nikiacha kuenda itakuwaje?*

Chini ya kifungu cha 202 cha Criminal Procedure Code, sheria ya kuendesha kesi za jinai, mlalamishi aliyejulishwa tarehe asipotokea, hakimu anaweza kumwachilia mshtakiwa siku hiyo hiyo, na ukishamwachilisha hivyo usiniandikie kuuliza fidia. Kama ni nauli imekushinda, mwambie prosekuta mapema. Kama unatishwa, ripoti hilo tisho upate OB nyingine na uulizie Witness Protection Agency, wako kwa sababu ya watu kama wewe. Tarehe ijayo fika saa mbili na nusu, kaa mbele.