Mkono wa mashine ya mawese unakatika pembeni ya weldi, nitumie rodi ngumu zaidi?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina karakana ndogo Mwandiga hapa Kigoma, natengeneza mashine za kukamulia mawese zile za kuzungusha kwa mikono. Shafti ya katikati natumia haf-shafti ya lori ya skrepa (ile inayozungusha tairi za nyuma), mikono ya kusukumia ni baa ya duara ya maidi stili, chuma laini cha kawaida, ya mili 40, nachomea moja kwa moja kwa rodi za kawaida za 6013. Wiki mbili tatu mkono unakatika, tena sio kwenye weldi, ni pembeni yake. Nimenenepesha weldi bado tu. Jamaa wa dukani ananiambia nichukue rodi ngumu zaidi, ni kweli?

JIBU: Marahaba ndugu yangu, acha hela yako mfukoni kwanza. Kaokote kile kipande kilichokatika ukiangalie vizuri, nadhani utakuta weldi imetoka nzima na imebanduka na gamba la haf-shafti, na hapo pa kubandukia pana rangi mbili, upande una kutu upande unang'aa. Ule wenye kutu ni ufa wa siku nyingi, labda ulikuwepo hata kabla mteja hajapakia mashine kwenye gari, siku mkono unaanguka ulikuwa umeshikiliwa na kale kasehemu kanakong'aa tu.

Piga hesabu uone. Mtu anasukuma kama kilo 30 kwenye ncha ya mkono wa mita 1.5, pale shinani unapata nyutoni mita 450 hivi, ukigawa kwa baa ya mili 40 ni kama megapaskali 72, hicho ni kipimo cha chuma kinavyobanwa au kuvutwa ndani yake. Maidi stili ya kawaida inaanza kupinda bila kurudi kwenye 250 hivi, na 6013 inavumilia zaidi ya 400 kabla ya kukatika. Kwa hiyo weldi yako haina shida ya nguvu kabisa, hata ukinenepesha mara mbili unaongeza mahali ambapo hapajaomba.

Shida ni kaboni. Maidi stili ina kama asilimia 0.2, haf-shafti ni 0.4 na zaidi, halafu wanaichanganyia manganizi, nyingine kromu. Ukiichoma ikiwa baridi, lile lichuma nene linafyonza joto la weldi kwa sekunde chache, ni sawasawa na mhunzi anavyochovya panga jekundu kwenye maji, kale kaukanda kembamba kando ya weldi kanakuwa kagumu kama kioo. Pitisha tupa hapo, ikiteleza bila kula chuma ujue ndo penyewe. Kikipindwa hakinyumbuki, kinapasuka. Ongeza na unyevu wa rodi, maana hidrojeni inaingia humo na ufa unaweza kutokea hata siku mbili baadaye, jana umeangalia kitu kizima leo kina mstari. Rodi ngumu ni za kuzuia kulika, meno ya jembe la trekta na vitu kama hivyo, hapa zitakuongezea ugonjwa.

Ukitaka lazima uchomee, tumia 7018, rodi yenye hidrojeni kidogo, iliyokaushwa kwenye oveni ya rodi nyuzi 300 na kitu kwa saa nzima, sio ile iliyolala wazi karibu na ziwa msimu mzima wa masika. Pasha haf-shafti kwanza, jiko la mkaa linatosha, mpaka sehemu uliyosugua kwa grenda igeuke manjano ya majani makavu, hapo uko nyuzi 220 hivi. Choma ikiwa bado na moto, na ukimaliza ifukie kwenye majivu makavu mpaka kesho, usimruhusu kijana aimwagie maji ili aiwahi.

Kabla hujafanya ya mteja jaribu kwa vipande. Wengi wanaunga vipande viwili kichwa kwa kichwa, wanabana kwenye jiliwa wanapinda, kikipinda wanashangilia. Mimi mwenyewe nilishadanganyika hivyo, nikamuungia mtu ekseli ya mkokoteni wa ng'ombe ikavunjika barabarani na mzigo juu. Kinachopinda pale ni maidi stili peke yake kwa sababu ndo laini, ule upande mgumu haujasikia kitu. Unga kwa ubavu, weldi ilale kwa urefu wa kipande, usugue iwe sawa, ndo upinde, pande zote zinalazimika kunyumbuka pamoja, na mpasuko ukizidi mili 3 rudia kazi.

Ila ingekuwa yangu nisingechomea haf-shafti hata kidogo. Chukua kola, yaani pete nene, ya maidi stili, mpelekee fundi wa kukereza aitoboe iingie kwenye shafti, shafti ya mili 50 weka kii ya upana wa mili 14, kile kipande cha chuma kinachozuia kola isizunguke peke yake, halafu mikono uichomee kwenye kola. Hapo 6013 yako inatosha, ni maidi kwa maidi. Na shinani vesha baa bomba nene, ukifikisha mili 50 nguvu ya kupinda ni karibu mara mbili ya mili 40.

Zile ulizokwisha kuuza zipitie. Safisha kando ya weldi, paka mafuta ya taa, subiri kidogo, futa pakauke kabisa, halafu pakaza unga wa chaki. Kama kuna ufa utauona mstari wa mafuta unajichora wenyewe juu ya chaki, na hiyo mashine usiiache ifanye kazi hata siku moja.