Barua kwa mwanangu: nani anampelekea sadaka mungu mwovu?

Mwanangu Zuhura,

Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo, mvua za vuli zimeanza na shangazi yako anakusalimu, ingawa hajui nakuandikia kuhusu nini. Usimwambie. Unakumbuka alivyokikuta kitabu chako cha Dungeons & Dragons, ule mchezo wenu wa mezani wa kuigiza hadithi kwa kete, chenye picha ya yule mwanamke mwenye mwili wa buibui, akakitia kwenye mfuko wa rambo na kuufunga mafundo mawili. Nami nikawa nakitoa usiku akishalala, nakisoma, kisha nakirudisha na mafundo yake yote. Ualimu hauniishi, hata pensheni niishaanza kula.

Umeniuliza hivi: mwenzenu mmoja anataka mhusika wake awe kuhani wa Umberlee, mungu mwovu wa bahari, wengine wamegoma kusafiri na mtumishi wa mungu mwovu, na wewe mwendesha mchezo umekwama katikati. Je, ulimwengu wa kubuni unahitaji miungu wa namna hiyo, na je, umkubalie?

La kwanza halinipi shida. Ukiliondoa zimwi kwenye hadithi, watoto watalala kabla hujafika kati. Mimi kinachonikera ni jambo jingine, na hukuliuliza: hao wafuasi ni akina nani? Kitabu kinaandika "wafuasi" kama vile wote waliingia kwa mlango mmoja.

Chukua wale miungu watatu wa Faerûn, nchi ya kubuni ya kitabu chako: Bane wa udhalimu, Bhaal wa mauaji, Myrkul wa wafu. Walikuwa binadamu wakautaka uungu, wakamkuta Jergal, mungu mzee wa mauti, amechoka na kiti chake, na mamlaka yake wakagawana kwa kucheza michezo ya mifupa na mafuvu. Anayemfuata Bane namwelewa: anataka cheo, na Bane anagawa vyeo. Huyo amechagua, simwonei huruma. Lakini mtoto wa mji wa Menzoberranzan, aliyezaliwa chini ya ardhi na kulelewa na makuhani wa Lolth, huyo buibui wa shangazi yako, amechagua nini? Nilifurahi kusoma kwamba Lolth ana binti, Eilistraee, anayewapokea wanaotoroka. Aliyebuni hilo anajua kuwa watu huzaliwa mahali kabla ya kuamini kitu.

Sasa Umberlee. Bahari yote ni yake na roho yake ni mbaya. Mabaharia wanamtupia sarafu na vito kabla ya safari, na si kwa kumpenda, wanataka wafike. Kule hakuna anayeuliza kama yupo, kwa sababu miungu wao huonekana. Wala huwezi kusema hutaki mungu yeyote, maana wasio na mungu wakifa wanajengewa ukutani kwenye mji wa wafu. Basi baharia wa watu afanye nini? Ukihesabu sarafu zilizo chini ya maji utasema Umberlee ana wafuasi kuliko wote. Mimi nasema hana hata robo. Kuogopa si kuabudu. Nimelisema hilo darasani, nimelisema kwenye harusi yako mkanizomea, na hapa nalirudia.

Na unajua nimelitoa wapi, ingawa sidhani kama nimewahi kukusimulia yote. Jina la Mzee Ushuru mnalijua, mmekua mkilicheka. Lilianza mwaka wa Azimio, 1967, kule kwetu kati ya Tanga na Pangani. Babu yako alikuwa na mashua yake, na kila msimu ulipoanza, akifika kwenye mlango wa mwamba, alitua tanga, akafukiza ubani kwenye chetezo, akanyunyiza marashi majini na kutupa kipande cha mkate. Baba yake alifanya hivyo, na yeye akafanya hivyo. Mungu wake alikuwa mmoja. Alfajiri alikuwa msikitini kabla ya mwadhini kukohoa. Mzimu wa pale wala haukuwa mwovu, alisema, ulikuwa na kisirani tu.

Siku hiyo mashua iko pwani, watu wamejaa, maji yanajaa. Akaja kijana mmoja aliyekuwa ametoka masomoni, mkwe wa jirani, kanzu imepigwa pasi hata mikunjo inakata. Akaingiza mkono kwenye tezi ya mashua, akatoa kile kichupa cha marashi, kirefu chembamba, kizibo chake kitambaa chekundu. Akakimimina mchangani mbele ya wote, akafukia kwa kisigino, polepole, kama mtu anayezima kijinga cha moto. Akasema: "Mzee, huyo ni shetani, na wewe ni mfuasi wake."

Babu yako akainama, akaokota kichupa, akakifuta kwenye shuka lake. Akamwuliza: "Mwanangu, ukipeleka samaki mnadani, hulipi ushuru? Sasa wewe unamwabudu mtoza ushuru?"

Pwani nzima ilicheka! Mpaka leo nikiwa peke yangu nacheka. Lakini jioni mabaharia wawili walikuja uani kusema hawataenda naye tena. Hawakusema sababu, wakatazama miguu yao. Neno "mfuasi" lilikuwa limeshafika kwenye majiko yote. Msimu ule alienda na mimi na binamu zangu, watoto, hatuwezi hata kuipandisha foromali vizuri, na msimu uliofuata mashua ikauzwa. Watu wakachukua ule utani wakamwita Mzee Ushuru hadi anazikwa. Aliitika. Mimi niliona sura yake kila alipoitika.

Najua utakachosema, maana nimekufundisha mwenyewe: sadaka ni ya Mwenyezi Mungu peke yake, na yule kijana kwa dini hakukosea. Hakukosea. Alikosa adabu, na hilo ni kosa jingine. Na kusema kweli, ni ushuru gani huo unaolipwa kwa ubani? Mtoza ushuru hafukiziwi. Nimeshindana na hilo miaka mingi. Labda mtu akiogopa kila msimu, mkono unazoea, na siku moja hofu yenyewe imeshakaa kwenye mkeka wa swala. Hata hivyo siku babu yako alipokuwa taabani hakutaja mwamba wala mzimu. Alitaja Mola wake. Basi bado nasema kuogopa si kuabudu, ila nasema kwa sauti ya chini kidogo kuliko zamani.

Hata huko mliko waliwahi kuwa na kijana wa kanzu. Mwaka 1983 mama mmoja aliyefiwa na mwanawe aliunda chama cha kuupinga mchezo wenu, akisema unafundisha ibada ya mashetani. Simcheki, aliyefiwa hachekwi. Wenye mchezo nao wakaingiwa na woga: toleo la 1989 likayaondoa yale majina ya mashetani, kisha baada ya muda mfupi mashetani hao wakarudi wanaitwa tanar'ri na baatezu, mapembe yaleyale. Shangazi yako angewajua tu.

Sasa turudi kwa kuhani wako. Uone tofauti: baharia anatoa, kuhani anapokea. Baharia analipia uhai wake, kuhani anakula hofu ya watu na kuisifu. Nikifikiria hivyo, nilishaandika hapa mistari mitatu ya kukuambia umkatalie, nikaikata. Kwa sababu huenda alikuwa baharia, meli ikazama, yeye peke yake akatupwa ufukweni hai, akaona ana deni. Huyo ningemsikiliza usiku kucha. Lakini kama anataka tu watu wamwogope naye ajisikie mkubwa, mwambie... Basi, meza ni yako. Mimi sijawahi kuziendesha hizo kete zenu, na mzazi anayetoa hukumu toka Tanga mpaka Milwaukee atasikika mdogo njiani.

Hao waliogoma nao usiwalaumu. Nawajua watu wa kweli, wa mashua ya kweli, waliogoma kwa jambo dogo kuliko hilo.

Ila kabla hujampa jibu, nifanyie hili. Mweke bandarini. Mlete mjane wa mvuvi, ana mtoto anayekwenda baharini kesho, mkononi sarafu moja ya mwisho, anaitoa kwa kuhani wa Umberlee. Usimsaidie kwa neno lolote, mwulize tu: unafanyaje? Kisha niandikie alivyojibu, hata kama umeshamkatalia. Na utume kwa barua kama hii. Kwenye simu shangazi yako huwa anapokea yeye.

Wasalaam,
Baba yako