Jibu: stika za DTF kubanduka zikifuliwa

Mkuu umeuliza kwa nini maandishi ya DTF (yanachapwa kwenye filamu alafu yanabandikwa kwenye nguo kwa mashine ya joto) yanabanduka tisheti ikifuliwa mara mbili tu. Mi naona ni unyevu na presha, Dar hii tisheti ya pamba inavuta unyevu hata ikiwa imekunjwa dukani, kwahiyo ipige mashine bila stika sekunde 5 kwanza alafu ndo uweke stika, nyuzi 150 mpaka 160 kama sekunde 15, na kola na mishono iache nje ya bamba la mashine maana inalinyanyua, presha inapungua na herufi za pembeni hazishiki. Ukishabandua filamu rudia kupiga tena, wengi wanaruka hapo. Jezi za poliesta shusha joto, la sivyo nyekundu ya kitambaa inapanda kwenye namba nyeupe. Mteja asifue kabla ya masaa 24 (wa sendoff hawasikiagi lakini we sema tu).