Bendera Tisa Ukutani na Krediti Sita Zilizopotea: Kwa Unayekwenda Kusoma Ulaya

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa binti mmoja wa Dodoma. "Shikamoo dada," aliandika, "nimepata nafasi ya shahada ya uzamili Ujerumani, na chuo changu kimo katika muungano wa vyuo vikuu tisa vya Ulaya. Je, ni kweli kwamba nitaweza kusoma katika vyuo vyote tisa kwa ada ya kimoja?" Niliusoma mara tatu, kwa sababu swali hilohilo nilipanda nalo ndege ya Ujerumani miaka kadhaa iliyopita, na jibu lake lilinigharimu muhula mzima.

Kwa asiyeifahamu miungano hii, habari yake ilishika kasi Septemba 2017, Rais Emmanuel Macron wa Ufaransa alipohutubia katika chuo kikuu cha Sorbonne, Paris, na kutaka viundwe "vyuo vikuu vya Ulaya" ishirini hivi ifikapo 2024. Umoja wa Ulaya ulilidaka wazo hilo, ukachagua miungano 17 ya kwanza mwaka 2019 kupitia Erasmus+, mpango wake wa kufadhili masomo na kubadilishana wanafunzi, na kufikia 2024 ilikuwa 64, yenye vyuo zaidi ya 560. Muungano mmoja unaweza kupewa hadi yuro milioni 14.4 kwa miaka minne. Upo CIVIS, unaokutanisha vyuo kama Sapienza cha Roma na Stockholm, na ambao una ushirikiano na Makerere ya jirani zetu Uganda. Lengo lililotangazwa tangu awali ni kwamba nusu ya wanafunzi wa vyuo hivyo waonje masomo ya kuvuka mipaka, ama kwa kusafiri, ama kwa mtandao, ama kwa kuchanganya vyote viwili.

Mimi niliyajua hayo yote kabla ya kuwasili. Nilikuwa nimesoma kila ukurasa, na nilipoingia katika jengo la utawala na kuona bango lenye bendera tisa, nilijipiga picha mbele yake na kuituma kwa mama siku hiyohiyo.

Kilichonishangaza ni wenzangu. Darasani wengi hawakuwa na habari kwamba chuo chao kimo katika muungano wowote, na waliokuwa na habari waliuona kama jambo la wakubwa wa chuo na wahisani wao. Rafiki yangu mmoja Mjerumani aliyekuwa akifanya kazi katika duka la mikate kila alfajiri aliniuliza ni nani angemshikia zamu yake endapo angeondoka kwa miezi mitano. Yeye aliishia katika kozi fupi, ile ambayo mnasoma kwa mtandao kisha mnakutana ana kwa ana kwa siku tano mnapata krediti tatu (krediti ndicho kipimo cha kazi ya masomo katika vyuo vya Ulaya), na mpaka leo anasema zile siku tano ndizo zilizomfaa kuliko miaka yake yote miwili. Simbishii. Huwa tunaidharau kozi fupi kwa sababu haina picha nyingi za kutuma nyumbani.

Mimi sikutaka siku tano. Nilitaka muhula, na nilitaka Italia. Rafiki yangu yule angevuka mpaka na kitambulisho mfukoni, ilhali mimi nilikuwa na kibali cha ukaazi kinachoniruhusu kukaa katika nchi nyingine za Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizofuta ukaguzi wa mipakani baina yao, siku 90 tu ndani ya siku 180, na muhula ni mrefu kuliko hapo. Ipo sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2016 inayomwezesha mwanafunzi wa kigeni aliye katika mpango wa pamoja wa vyuo kusoma katika nchi ya pili hadi siku 360, lakini ilinibidi niitafute mwenyewe na kuwaeleza waliopaswa kunieleza. Ukipanga kwenda Denmark au Ireland, ujue kwamba nchi hizo hazifungwi na sheria hiyo. Karatasi zilinichukua miezi, nami nisingependa kumchosha msomaji kwa habari za foleni.

Nilifika Italia Septemba nikiwa na Mkataba wa Masomo uliosainiwa pande tatu, yaani mimi, chuo changu na chuo kinachonipokea, ukiwa na kozi tano za krediti sita sita, jumla 30. Wiki ya kwanza kozi mojawapo ilifutwa. Nilichagua nyingine, mratibu wa pale akaniandikia barua pepe ya furaha akisema hakuna tatizo lolote kwa kuwa sote ni familia moja ya muungano, nami nikaridhika. Nilisoma kozi ile kwa bidii kuliko zote, nikapata alama 30 kati ya 30.

Niliporudi Februari, kamati ya mitihani ya kitivo changu ilitambua krediti 24. Sita zilikataliwa kwa sababu kozi ile haikuwamo katika mkataba, na kwa maoni yao ilikaribiana mno na nyingine niliyokwisha kuisoma. Krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi, kwa hiyo barua ya nusu ukurasa ilifuta saa zangu zisizopungua 150. Nilibaki muhula mmoja zaidi kwa ajili ya kozi moja, nikaongeza muda wa kibali, nikalipa kodi ya chumba kwa fedha nilizokuwa nimeahidi kumsaidia mdogo wangu. Nililia, na sioni aibu kulisema.

Baadaye ndipo nilipoelewa. Muungano hauna shahada. Shahada ni ya chuo chako, na chuo chako kinafuata sheria za nchi yake, kwa kuwa elimu ya juu Ulaya imebaki mikononi mwa kila nchi. Ndiyo maana Machi 2024 Kamisheni ya Ulaya ilitoa mpango wa shahada ya pamoja ya Ulaya, jambo ambalo lisingehitajika kama bendera tisa zingetosha. Kwa hiyo, binti wa Dodoma, pata saini. Kozi ikibadilika, pata saini mpya kabla ya kuingia darasani. Mratibu akikuambia hakuna tatizo, mshukuru kwa adabu, kisha umwombe saini.

Na ujue haki yako. Mkataba wa Lisbon wa 1997 kuhusu utambuzi wa sifa za elimu ya juu unakitaka chuo kinachokataa masomo yako kionyeshe tofauti ya msingi. Si wewe unayepaswa kuthibitisha kwamba hukupoteza muda. Mimi nilikuwa na mwezi mmoja wa kukata rufaa, umeandikwa chini kabisa ya barua ileile, nami niliutumia kuona haya. Sisi tuliolelewa kutobishana na walimu tunadhani kukata rufaa ni utovu wa nidhamu. Si utovu wa nidhamu. Ni fomu, na fomu ina tarehe.

Muhula ule wa ziada niligombea uwakilishi katika baraza la wanafunzi wa muungano, nikashinda. Nilikuwa Mwafrika pekee mezani. Kikao cha kwanza kilijadili nembo kwa muda mrefu kupita kiasi, mpaka nilipoomba kujua ni wanafunzi wangapi waliorudi na krediti pungufu. Hakuna aliyekuwa na idadi. Kikao kilichofuata idadi ilikuwa katika ajenda, na hilo naliona ni jambo langu kubwa kuliko shahada yenyewe.

Sasa swali lako. Ukienda kwa utaratibu wa Erasmus+, chuo kinachokupokea hakikutozi ada ya masomo, na ruzuku yake hutegemea chuo ulichosajiliwa, si uraia wako, kwa hiyo usiogope kuomba. Vyuo vyote tisa hutavimaliza. Kimoja kinatosha kukushughulisha. Kodi ya chumba utalipa huko uendako, na pengine huku ulikotoka pia, usipopata mtu wa kupangishana naye mapema.

Transkripti ya Italia, yaani orodha ya kozi na alama zangu, bado ninayo, katika faili moja na ile ya Ujerumani. Kozi zilizotambuliwa nimeziwekea alama ya vema kwa penseli. Ile ya alama 30 haina.